Leseni ya Burudani

Siku hizi samaki wanakaangwa Isiolo mjini mchana peupe. Kuna mama anayeweka karai lake karibu na soko, na jua likianza kupoa harufu inatoka pale, inapita kwenye maduka ya nguo, inanifikia mahali ninaposhona. Watu wa kila kabila wanasimama kununua. Vijana wa Kisamburu, shanga mkononi na simu sikioni, wanakula wakiwa wamesimama na kulamba vidole, na hakuna anayegeuza uso.

Mimi nikienda nyumbani hupita upande wa pili wa barabara. Samaki ninampenda, hilo si shida. Lakini tangu tumzike Baba, harufu hiyo inaniletea mgongo wake. Namwona amekaa kando ya maji, fimbo mkononi, na mimi niko nyuma yake, mtoto wa darasa la tatu, nikiamini kwamba ninamtazama mtu mwenye furaha.

Tulitoka Oldonyiro baada ya ukame kumaliza ng'ombe. Sikumbuki walivyokufa mmoja mmoja. Nakumbuka tu kwamba asubuhi moja hakukuwa na kengele, na kimya hicho kiliniamsha mapema kuliko kengele zenyewe. Tukahamia Isiolo, mtaa wa Kiwanjani, chumba kimoja cha mabati, na Baba akapata kazi ya kulinda duka la vifaa vya ujenzi. Alienda kazini na fimbo yake ya kuchungia. Mwenye duka alimpa rungu, akaliacha nyuma ya mlango.

Yeiyo, ndivyo tunavyomwita mama, alitundika kibuyu cha maziwa kwenye msumari juu ya kitanda. Hakikuwa na maziwa. Hata hivyo kila wiki alikishusha, akakifukiza kwa kijinga cha mti kama alivyofundishwa na mama yake, akakung'uta mkaa, akakirudisha. Chumba kilinuka moshi mtamu, na mimi na mdogo wangu tulilala tukinusa maziwa ambayo hayakuwepo.

Siku tuliyoondoka Oldonyiro, kaka yake Baba, ambaye sisi tulimwita Baba Mkubwa, alitusindikiza mpaka kwenye lori. Yeye alikuwa amebakiwa na ng'ombe wachache. Alimshika Baba mkono akamwambia, "Kaa huko mjini kwa muda tu. Mvua ikirudi nitakutolea mtamba, uanze tena." Baba aliyaishi maneno hayo kama mtu anayeishi kwa mshahara wake. Kila wingu alilitazama. Lakini kulikuwa na jambo ambalo hawakulitaja kwa sababu kila Msamburu analijua: mtamba hapewi ltorrobo. Ltorrobo ni mtu asiye na ng'ombe, anayekula alichokiokota porini na majini. Mtu akishaitwa hivyo, ndugu hawamhesabu tena kati ya wafugaji. Na samaki, kwa wazee wetu, alikuwa nyoka wa maji.

Jirani yetu Mama Ekai hakuwa na habari na hayo. Yeye alikuwa Mturkana, mjane, na sauti yake ilivuka ukuta wa mabati bila kubisha hodi. Alikuwa akipata kambare kutoka kwa watu wake, samaki mweusi asiye na magamba, mwenye ndevu ndefu, na alimkata nje ya mlango huku akimchokoza Yeiyo.

"Nyinyi watu wa ng'ombe," alisema, "ng'ombe wameisha, maringo yao yamebaki."

"Mama Ekai, nyoka mwenye ndevu utamla wewe."

"Nitamla, na nitalala nimeshiba. Wewe lala na kibuyu chako."

Walicheka wote wawili. Lakini Yeiyo akienda kufulia watu nguo, Mama Ekai alituita mimi na mdogo wangu, akatuketisha kando ya jiko lake, akatupa samaki na ugali kwenye sinia moja. Nakumbuka nilivyoogopa mara ya kwanza, na jinsi woga ulivyoisha kabla ya sinia kuisha.

Siku moja Baba alitoka kazini mapema, akatukuta pale na mafuta mpaka kwenye viwiko.

"Mnakula nini?"

"Samaki, Baba," mdogo wangu alisema. "Ni tamu."

Baba alimtazama. Alitazama miguu yake, iliyokuwa imekonda mpaka magoti yakaonekana makubwa kuliko mapaja. Nilingoja fimbo. Akasema tu, "Naweni mikono kabla mama yenu hajarudi." Kisha, kwa Kiswahili chake cha shida, akamwuliza Mama Ekai, "Hii samaki inashikwa namna gani?"

Mama Ekai aliingia ndani akatoka na mshipi wa marehemu mume wake, umeviringwa kwenye kijiti, ndoana ikiwa imechomekwa kwenye kipande cha kandambili. "Hakuna kazi, mzee. Unakaa. Si umezoea kukaa ukiangalia ng'ombe wakikula? Ni hivyo hivyo. Tofauti ni hawa hawapotei."

Nje ya mji kulikuwa na bwawa la serikali, na watu wa serikali walikuwa wametia samaki humo. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo Baba alinichukua. Alifunga mshipi kwenye ncha ya fimbo yake ya kuchungia, akachomeka utumbo wa mbuzi kwenye ndoana, akatupa. Hatujakaa sana askari wa bwawa akaja.

"Mzee, leseni iko wapi?"

"Ya nini?"

"Ya kuvua."

"Maji ni ya mvua."

"Mvua ni ya Mungu. Bwawa ni ya serikali."

Aliukata mshipi kwenye fimbo, akauviringa mkononi, akautia mfukoni. Wavulana waliokuwa wakinywesha mbuzi upande wa pili walicheka, na mmoja akapiga kelele kwa Kisamburu, akiuliza huyo mzee alitaka kuchunga nini ndani ya maji. Baba alipangusa ncha ya fimbo kwa shuka lake, polepole, kama kwamba ilikuwa imelowa tu.

Kesho yake tulienda kwenye ofisi ya samaki. Watu walikuwa wakicheka kwamba mji wa vumbi kama Isiolo una ofisi ya samaki, na kweli kilikuwa chumba kimoja chenye feni isiyozunguka na picha ya samaki ukutani. Baba alivaa koti. Mimi nilikuwa nimeletwa kwa sababu ya kusoma na kwa sababu ya Kiswahili changu cha shule, ingawa mbele ya watu sauti yangu ilikuwa inaingia tumboni.

"Habari, mzee," dada wa ofisi alisema. "Unataka leseni ya biashara ama ya burudani?"

Baba alinigeukia. Nikamweleza kwa Kisamburu kwamba kuna ya mtu anayeuza na kuna ya mtu anayecheza.

"Mwulize kama kuna ya kula."

Niliuliza kwa sauti ndogo mpaka yule dada akainama juu ya meza. Nikarudia.

"Ya kula nyumbani haina yake, mdogo wangu. Kama hauzi, tunaandika burudani. Watu wa Nairobi na wazungu ndio wanachukuanga hiyo. Wanashika samaki, wanapiga picha, wanarudisha kwa maji."

Nilimtafsiria Baba.

"Wanawarudisha?"

"Ndivyo anavyosema."

Baba alitazama picha ya samaki ukutani kwa muda mrefu. Kisha akasema kwa Kisamburu, "Na mwenye karatasi hiyo, kuna mtu atakayesema anavua kwa njaa?" Sikulitafsiri swali hilo. Niliona kwamba hakuwa akimwuliza yule dada.

"Mwambie aandike burudani," akasema.

Tulipotoka nje alisimama kwenye kivuli cha ukuta akanipa ile karatasi. "Soma pale palipoandikwa." Nikamsomea. "Tena." Nikasoma tena. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa upande mmoja, kama mtu anayepokea habari za wagonjwa wake na kuambiwa wanaendelea vizuri. Nyumbani Yeiyo aliitia ndani ya mfuko wa nailoni, akaukunja, na kutoka siku hiyo Baba aliibeba kifuani.

Askari alimrudishia mshipi wake. Na mimi, nikiwa mtoto, nikaielewa karatasi kwa namna yangu. Niliamini kwamba serikali imesikia habari za ng'ombe wetu, ikamhurumia Baba, ikampa ruhusa ya kupumzisha moyo. Sikuona ajabu. Shuleni walikuwa wakitupa uji wa serikali, kwa nini wazee wasipewe furaha ya serikali? Kila siku ya mapumziko nilimfuata bwawani pamoja na mdogo wangu, tukae karibu na furaha hiyo.

Baba alichagua mahali chini ya mgunga, akakaa akiipa barabara mgongo. Hakusema. Hakutaka tuongee. Nilidhani mtu mwenye furaha nyingi anahitaji kimya asiimwage. Kengele za ng'ombe zikisikika nyuma yetu, wakipelekwa kunywa, aliinamisha kichwa na kuvuta shuka mpaka masikioni, nami nilidhani anawasikiliza samaki. Leo najua alikuwa akijificha. Najua pia kwamba alikuwa akizihesabia kengele hizo umri na rangi, kwa sababu mara nyingine midomo yake ilicheza.

Akishika samaki, mdogo wangu alikuwa na kazi yake. Alikimbia akafungua mdomo wa gunia kwa mikono miwili, akalishikilia hivyo mpaka samaki aingie. Alifanya kazi hiyo kwa heshima, kama mtu aliyeshika sahani ya sadaka kanisani. Tulimpelekea Mama Ekai, akapika kwenye sufuria yake na kwenye jiko lake, kwa sababu Yeiyo hakutaka mvuke wa samaki ufike kwenye kibuyu. Sisi watoto tulikula pale. Mdogo wangu alianza kukimbia tena. Baba hakuonja.

"Kwa nini wewe huli, Baba?" nilimwuliza.

"Mmewahi kuona mtu wa mpira akila mpira?"

Tulicheka mpaka tukakohoa. Yeiyo hakucheka. Alikuwa ameinama, akimpakulia Baba ugali mkavu.

Kisha Baba Mkubwa akaja. Alifika na lori lililoleta mbuzi kutoka mnada wa Oldonyiro, vumbi kwenye nyusi, na Yeiyo akampa chai ya rangi. Aliitazama ile chai nyeusi kikombeni kabla ya kuinywa. Alisalimia vizuri, akauliza habari za kila mtu, akatoa habari za mifugo. Mvua kidogo ilikuwa imenyesha upande wa Kipsing. Mtamba mmoja alikuwa ameanza kukua vizuri, mwekundu, mwenye doa usoni. Baba alisahau kikombe mkononi.

"Lakini nimesikia neno," Baba Mkubwa alisema.

"Neno gani?"

"Wavulana wa mbuzi wanasema ndugu yangu anakula nyoka wa maji."

Baba aliingiza mkono kifuani, akatoa mfuko wa nailoni, akanipa karatasi. "Msomee baba yako mkubwa."

Nilisimama nikasoma yote, mpaka jina la ofisi na maneno ya muhuri. Nilisoma vizuri siku hiyo, kwa sababu nilijivunia.

"Burudani ndiyo nini?" Baba Mkubwa aliuliza.

"Ni mchezo," Baba alisema. "Kama wa wazungu. Unamshika, unamtazama, unamrudisha majini."

"Unamrudisha."

"Ninamrudisha."

"Sawa. Kesho lori langu linaondoka mchana. Asubuhi tutaenda niuone mchezo huo."

Yeiyo aliongeza chai kwenye kikombe ambacho kilikuwa bado kimejaa, ikamwagika mezani.

Asubuhi tulienda wanne, wazee wawili mbele na sisi watoto nyuma. Wote wawili walibeba fimbo zao. Walikuwa wamezikata pamoja ujanani kutoka mti mmoja, na ukiziweka sambamba ungeona rangi ile ile na mafundo yale yale. Baba alipokaa chini ya mgunga na kufunga mshipi, Baba Mkubwa alitazama ncha ya fimbo. Mshipi ulikuwa umechimba mfereji mwembamba kwenye mti. Alikaa kwenye jiwe.

Wiki hiyo hatukuwa tumepata samaki. Duka lilikuwa limechelewesha mshahara na sufuria yetu ilikuwa imepika mboga za majani peke yake, na kwa Mama Ekai vilevile. Nilikuwa na njaa ile ya asubuhi ambayo haiumi, inafanya tu mambo yaonekane mbali. Na ilikuwa siku hiyo, kati ya siku zote, ambapo fimbo ilipinda kuliko ilivyowahi kupinda. Baba alisimama. Alirudi nyuma hatua kwa hatua, akivuta kama mtu anayemvuta ndama aliyezama matopeni, na kambare akatoka kwenye matope ya ukingo, mrefu kama mkono wa mtu mzima, ndevu zikicheza.

Mdogo wangu alikimbia akafungua gunia.

Baba alipiga magoti, akachomoa ndoana. Alimshika samaki kwa mikono miwili. Nilimwona akimtazama, kisha akapita mbele ya mdogo wangu bila kumwangalia, akaingia majini mpaka kwenye vifundo, akamlaza samaki juu ya maji na kumwachilia. Maji yalifunguka yakafunga. Nilifikiri, leo amefurahi sana, furaha imemshibisha. Lakini aliporudi, alipangusa mikono kwa shuka mpaka ikakauka, akaendelea kuipangusa, na hapo ndipo imani yangu ilianza kupata ufa.

Mdogo wangu hakuelewa. Aliendelea kusimama pale pale na mdomo wa gunia ukiwa wazi, akimtazama Baba, kisha maji, kisha Baba. Mikono yake ilianza kuchoka, gunia likashuka kidogo, akalipandisha tena.

Baba Mkubwa alilitazama lile gunia. Alimtazama mtoto, kutoka vidole vya miguu mpaka kichwani, kama anavyotazamwa ndama anayechelewa kukua. Baba aliweka chambo kingine na kutupa mshipi. Fimbo ikatikisika mara ya pili, na akatoka kambare mwingine, mdogo kuliko yule wa kwanza.

Baba alianza kuelekea majini.

"Huyo usimrudishe," Baba Mkubwa alisema.

"Ndugu yangu, ni mchezo."

"Mchezo nimeuona. Huyo mtie kwenye gunia la mtoto."

Baba alisimama na samaki mkononi. Kisha akageuka, akamtia guniani, na mdogo wangu akaukunja mdomo wa gunia haraka, kabla wazee hawajabadili mawazo.

Baba Mkubwa aliinuka. Nilidhani anaondoka. Alizunguka mgunga, akakaa upande wa pili wa shina, akiwa ameigeukia barabara, mgongo wake nyuma ya mgongo wa Baba. Ng'ombe walikuwa wanakuja kunywa, na wenye ng'ombe nyuma yao. Walimwona yeye kwanza, mzee wa heshima na fimbo yake, wakasimama kumsalimu. Aliwajibu wote. Aliwauliza habari za malisho, za watoto, za njia, akawachelewesha kwa maswali, akawasindikiza kwa macho mpaka wakapita. Hakuna aliyepata nafasi ya kuuliza ni nani aliyekaa upande wa pili wa mti. Na nyuma yake Baba aliendelea kuvua, na safari hii hakuvuta shuka masikioni.

Kwenye lori, mguu ukiwa tayari juu ya gurudumu, Baba Mkubwa alisema, "Mtamba ni wako. Mwekundu."

Mtamba hakufika. Ile mvua ya Kipsing ilikuwa ya kudanganya, na ukame uliofuata ulikuwa na meno makali kuliko wa kwanza. Tulisikia habari vipande vipande kutoka kwa watu wa malori. Kisha siku moja nilirudi kutoka shuleni nikamkuta Baba Mkubwa amekaa mlangoni petu, na mke wake ndani na Yeiyo, na watoto wao wamelala kwenye mkeka. Alikuwa amekuja na fimbo yake, na hakukuwa na mnyama yeyote wa kutembea mbele yake.

Baba alikaa karibu naye. Akiwa ametazama chini, Baba Mkubwa akasema, "Ile ofisi yenu iko wapi?"

Tulienda asubuhi. Baba alimpa koti lake. Feni ilikuwa bado haizunguki, na dada alikuwa yule yule. "Biashara ama burudani?" aliuliza. Nilifungua mdomo nitafsiri, lakini Baba alitangulia, kwa Kiswahili chake.

"Burudani," alisema. "Huyu ni kaka yangu. Tunapenda mchezo."

Dada aliandika. Baba Mkubwa alipokea karatasi kwa mikono miwili. Nje, kwenye kivuli cha ukuta, alinipa nimsomee, nikamsomea, na sikungoja aniambie nirudie. Nikarudia.

Mchana huo walikaa bwawani chini ya mgunga, fimbo mbili za mti mmoja zikiwa zimeelekea majini, migongo miwili ikiwa imeelekea barabarani. Mdogo wangu na watoto wa Baba Mkubwa walishika gunia pamoja. Nilisikia kengele za ng'ombe kwa mbali, nikaona vichwa viwili vikianza kuinama.

Nilizunguka mti, nikakaa upande wa pili. Vumbi lilikuja, na watu ndani yake, na kwetu mtoto hungoja mtu mzima amsalimu kwanza; sikuwa nimewahi kumtangulia. Nilisimama ili wanione. Nikawasalimu kwa sauti, nikawauliza habari za malisho, na habari za watoto, na habari za njia.